Mkono Ndani ya Jaa

Juzi asubuhi nilipita uani kwa jirani, nikakuta jaa lake linafuka mvuke. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimechomeka mkono hadi kwenye kiwiko. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilihisi uchovu wa ghafla, nikatamani kukaa chini palepale.

Unajua, mimi nimelelewa na jaa. Mjerumani alipoufunga msitu wa juu, sisi watu wa mlimani tulibaki na miteremko ya udongo mwekundu uliochoshwa na mvua, na dawa za bibi zilikuwa hazioti humo. Basi bibi akatengeneza udongo wake mwenyewe: maganda ya ndizi, makapi, majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi, vyote vikiozea nyuma ya nyumba tangu masika hadi masika. Mimi nilichota maji ya kunyunyizia, yeye akachomeka mkono kupima joto. "Likikuunguza wewe, litaunguza na mzizi," aliniambia kila siku. Lililopoa alilijaza kwenye vyungu vibovu.

Katika chungu kimoja aliotesha mche alioutoa msituni kabla ya kufungwa, dawa ya kuzuia damu kwa mwanamke aliyejifungua. Ulikuwa huo mmoja tu. Mama mdogo alikuwa na mimba kubwa, na uzazi wake wa kwanza ulikuwa nusura umuue. Nilipouliza jina la mche, bibi alisema, "Ukikomaa nitakutajia."

Kwa kiherehere changu nikataka ukomae upesi. Bibi alipokwenda shamba, nilichota jaa jipya, la moto bado, nikaushindilia mche pande zote. Siku ya tatu majani yalikuwa meusi.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alijifunga kaniki yake, akapanda mlimani na magoti yake yale mabovu. Alirudi jioni mikono mitupu, mgongo umechanika kwa viboko vya askari wa msitu.

"Nimechoka, mjukuu wangu," alisema, basi.

Mama mdogo alijifungua salama, namshukuru Mungu, damu ikakoma yenyewe. Lakini bibi hakuotesha tena dawa. Kwenye vyungu vyake tulipanda mchicha, ukastawi ajabu.

Sasa wajukuu zangu huniuliza ilikuwa dawa gani hiyo. Nawaonyesha kwa vidole umbo la majani yake. Jina sikuwahi kuthubutu kumuuliza bibi tena.