Foleni ya Godana

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa simu. Postmasta wetu wa Isiolo, mtu mfupi aliyetunza viatu vyake kuliko alivyotunza afya yake, alinipa kibao chenye msumari mrefu uliosimama wima. Siku hizo ukitaka kuzungumza na Nairobi ulikuja posta, ukaandikiwa tiketi yenye jina lako na namba unayoitaka, kisha ukaketi kwenye benchi kungoja laini. Kazi yangu ilikuwa kuchoma tiketi kwenye msumari huo na kuwapa waendeshaji wa bodi ya simu moja moja. Nilichoma kwa bidii, na kila nilipoombwa tiketi nilichomoa iliyokuwa karibu na mkono. Kufikia saa tano benchi zima lilikuwa linanung'unika.

Postmasta alikuja akasimama nyuma yangu. "Wewe Nakiru, unachomoa ya juu. Ya juu ni ya nani? Ni ya huyu ameingia sasa hivi. Yule alikuja asubuhi yuko chini kabisa, msumari umemshika. Hii si foleni, hii ni rundo."

Akanitafutia kisanduku cha mbao kilicho wazi pande mbili, tiketi ziingie huku zitokee kule. Miaka mingi baadaye nilifundishwa kwamba kompyuta nazo zina vitu hivyo viwili, rundo na foleni, na kwamba mtu akivichanganya mambo huharibika vilevile. Sikushangaa. Nilikuwa nimeshagombezwa kwa kosa hilo kabla ya wengi wa walimu wangu kuzaliwa.

Baada ya muda nikapandishwa kuwa mwendeshaji. Bodi ilikuwa ukuta mdogo wa matundu, waya na taa. Taa ya laini ikiwaka, laini iko wazi. Unachomeka waya, unaita upande wa pili, unampeleka mteja kwenye kibanda. Sheria yangu ilikuwa moja: aliyetangulia kufika ndiye anatangulia kuongea. Nilimngojesha dereva wa mkubwa wa wilaya, nikamngojesha shemeji yangu mwenyewe. Nilijiona mtu wa haki, na nakiri kwamba nilipenda kuonwa hivyo.

Kisha akaja Godana.

Alitoka Garbatulla, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Baba yake alikuwa aba herega, ndivyo Waborana wanavyomwita mwenye zamu wa kisima, yule anayepanga ng'ombe wa nani wanywe kwanza na wa nani wasubiri. Godana alikua akimtazama baba yake akipanga. Kwa hiyo alipokaa kwenye bodi jirani na yangu, alilitazama benchi la posta kama watu wa kisimani. Akimwona mtu mwenye shida kubwa alisimama akauliza watu wote wakisikia, "Jamani, huyu mama mtoto wake amelazwa Meru. Nani atampa nafasi?" Na mtu alitoa. Kila mara mtu alitoa, tena kwa kutabasamu.

Watu wakaanza kuuliza, kabla hata ya kuketi, kama Godana yupo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo kila siku, sijawahi kuchelewa, sijawahi kumruka mtu, na hakuna aliyeuliza kama nipo. Nilimwonea wivu hadi chai ya saa nne nikawa nainywa peke yangu. Alipocheka na wateja nilihisi ananicheka mimi. Wivu wa namna hiyo hauna adabu. Unakufuata hadi kanisani.

Ikatangazwa kwamba tutahitaji msimamizi wa bodi, na atachaguliwa mmoja kati yetu wawili. Postmasta hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa kwa Godana. Nilikuwa nimeitaka kazi hiyo tangu siku ya msumari.

Wiki hiyohiyo akafika Mzee Halake kutoka Sericho. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori. Mwanawe alikuwa Nairobi, anaondoka jioni hiyo kwenda kufanya kazi ng'ambo, na alikuwa anangoja kwenye simu ya duka fulani hadi saa kumi na moja, si zaidi. Mzee alitaka kumpa baraka kabla hajapanda ndege. Kwao mtoto haendi safari ya namna hiyo bila mdomo wa baba yake. Tiketi yake iliingia kwenye kisanduku cha Godana.

Mara ya kwanza Godana alipoomba nafasi kwa ajili ya mgonjwa, Mzee Halake aliinua mkono. Mara ya pili pia. Mara ya tatu pia. Hapo ndipo nikaliona tundu katika utaratibu wa Godana. Mzee mwenye heshima zake, akiulizwa mbele ya watu, hawezi kusema hapana. Kule kisimani mwenye zamu anajua nani alishatoa jana. Posta hakuna aliyekuwa anahesabu. Godana hakuona. Mimi niliona tangu mara ya pili, nikanyamaza, maana nilitaka aanguke.

Saa kumi na moja ikikaribia, laini za upande wa Godana zikakatika. Akainama chini ya bodi kuhangaika na waya. Mzee alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Desturi yetu ilikuwa kwamba mwenzako akikwama unachukua tiketi yake.

"Dada Nakiru, una laini ya Nairobi?" Godana aliuliza kutoka chini.

Taa ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu.

"Sina," nikasema.

Nikachomeka waya na kumwita mfanyabiashara aliyetaka kujua bei ya mbuzi. Godana alipoipata laini yake, muda ulikuwa umepita, na mwenye duka alisema kijana ameshaingia kwenye gari. Mzee Halake hakugomba. Alisimama palepale, akageukia ukuta wa upande wa Nairobi, akainua mikono na kumbariki mwanawe kwa Kiborana, na watu wa benchi wakamwitikia. Mimi niliendelea kuunganisha simu.

Kesho yake niliandika barua kwa Postmasta. Nilieleza vizuri jinsi utaratibu wa kuombeana nafasi ulivyomnyima mzee haki yake. Kila neno lilikuwa kweli, isipokuwa lile nililoliacha. Godana aliitwa ofisini, nikamsikia Postmasta akimwambia kwamba huruma isiyo na hesabu ni uonevu. Hakujitetea hata kidogo. Baada ya mwezi aliacha kazi. Mimi nikawa msimamizi.

Mnaweza kudhani wivu uliisha. Ulihama naye. Godana alipata kazi kwenye kizuizi cha barabara ya kaskazini, kuandika magari. Wakati huo, kwa hofu ya majambazi, magari hayakwenda kaskazini moja moja. Yalikusanywa yaondoke kwa msafara, polisi mbele na nyuma, na kila dereva alitaka kuwa karibu na polisi. Nami, simu za mkononi zilipokuja na bodi yetu ikafungwa, nilihamia ofisi ya kukata tiketi za mabasi. Huko nilijifunza foleni ya wasafiri, ambayo ni ngumu kuliko ya simu, kwa kuwa abiria aliyekosa kiti hurudi kesho akiwa na hasira ya jana. Nikasikia madereva wakimsifu karani wa kizuizi. Sikuhitaji kuambiwa jina.

Siku moja meneja alinituma kizuizini na orodha ya abiria. Nikamkuta Godana juani, ameshika kipande cha chaki. Lori la ng'ombe lilikuwa limefika likiwa la mwisho, na wanyama hawavumilii jua kama magunia ya saruji. Akamwomba dereva wa saruji nafasi, naye akakubali. Kisha Godana akachora mstari mweupe kwenye mlango wa lori la saruji. Nikamuuliza karani mwenzake ile alama ni ya nini. Akaniambia, "Huyo ameshatoa. Hataombwa tena, na akingoja sana anasogezwa mbele."

Nilisimama pale na orodha yangu. Alikuwa ameliziba lile tundu. Mimi nililiona nikalitumia kama kisu, yeye aliliona akaliziba kwa chaki. Nilirudi mjini nikiwa na hasira ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa ofisi ya kompyuta, pale ukumbi wa huduma za serikali ulipokuwa unajengwa mjini. Mkubwa wetu alikuwa Mkuu wa Mitambo, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, na alifundisha vizuri. Alinionyesha kwamba printa ina foleni yake ya karatasi. Akanionyesha rauta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, na kusema kwamba habari husafiri ikiwa imekatwa vipande vinavyoitwa pakiti, navyo hupanga foleni humo ndani. Foleni ikijaa, vinavyofika mwisho vinatupwa nje, vitumwe upya. Na si kila pakiti ni sawa: sauti ya mtu hupitishwa kwanza, kwa sababu sauti ikichelewa haina maana tena, lakini barua inaweza kungoja. Nikamkumbuka Mzee Halake, nikakohoa.

"Shida ni moja," akaendelea. "Ukipitisha wa haraka kila wakati, kuna mmoja huko nyuma hatahudumiwa kamwe. Kwa hiyo kadiri anavyongoja, tunampandisha. Hata kwa ukumbi wetu nataka kitu kama hicho. Mama, umewahi kuona mahali watu wanafanya hivi?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kulitaja jina lake. Angeitwa, angeheshimiwa, angepewa kiti karibu na changu. Nikamwambia kwamba hiyo ilikuwa mbinu yangu ya tangu zamani. Nikamweleza yote, kasoro chaki. Mashine ya kugawa namba za foleni ukumbini ikapangwa hivyo, jina langu likaandikwa juu yake, na siku ya ufunguzi walinipigia makofi.

Sasa nimestaafu. Kila mwaka sisi wastaafu hupanga foleni kwenye ukumbi huohuo kuonyesha kwamba bado tuko hai. Mwaka huu goti langu lilikuwa baya. Nilichukua namba arobaini na moja, nikaegemea ukuta kwa kuwa viti vilijaa. Mzee mmoja mrefu akasimama kutoka mstari wa mbele na kunijia taratibu.

"Dada Nakiru, habari ya siku nyingi. Shika hii yangu, ukae." Ilikuwa namba kumi na mbili. Akaichukua arobaini na moja yangu. Ndevu zilikuwa nyeupe, sauti ilikuwa ileile. Na mimi, na goti langu na uzee wangu, nikamwonea wivu tena, kwamba hata hapa yeye ndiye anayetoa.

Karani kijana akamwita. "Mzee, ukimpa mtu namba yako lete hiyo nyingine hapa. Mashine inakuwekea alama ili usikae sana. Hii akili ilitolewa na huyo mama hapo."

Godana aliitazama ile arobaini na moja mkononi mwake, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alisugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayepangusa vumbi la chaki.

"Godana," nikasema, "ile jioni ya Mzee Halake, mimi nilikuwa na laini."

"Najua," akasema. "Kutoka chini ya bodi taa zote zinaonekana."

Alikuwa amelijua hilo siku alipoitwa ofisini, na siku alipoacha kazi, na miaka yote ya juani. Nilitafuta cha kumwonea wivu katika hilo, nikakosa. Lilikuwa kubwa kuliko wivu wangu. Ndipo nikaenda hadi kwenye kaunta, goti likiuma, nikamwambia karani afute jina langu pale kwenye mashine yao, aandike la Godana wa Garbatulla, na kabla yake aandike la baba yake, mwenye zamu wa kisima.

Spika ikaita kumi na mbili. Nikamrudishia tiketi yake, nikachukua arobaini na moja yangu, nikarudi kuegemea ukuta.