Mbuzi wa Mama na Damu Yangu

Ndugu zangu, nichekeni tu, nimestahili. Kazi yangu ni kupima mikroRNA, vile vipande vidogo vinavyozima jeni ndani ya seli. Kwenye saratani ya mapafu baadhi ya vipande hivyo huzidi, vikazima jeni zilizo kama breki, na uvimbe ukazidi kukua. Juzi, mimi na wenzangu tukiwa Likawage kukusanya damu za wagonjwa, ilihitajika damu ya mtu mzima wa afya ya kulinganishia. Nikatoa yangu kwa mbwembwe. Majibu yakaja: kwa wingi wa mikroRNA hizo nimewapita hata wagonjwa!

Sikungoja kurudia kipimo. Nilikwenda Mingoyo kumuaga mama. Masikini, alilia, akachinja mbuzi wake, akaita shehe na majirani kwa dua.

Pilau likiwa mezani, bosi akapiga simu. Mama akaamuru niweke sauti kubwa, shehe naye asikie.

“Huumwi,” alisema bosi. “Chembe nyekundu zilipasuka, zikamwaga mikroRNA zake kwenye sampuli. Chupa ya damu uliisafirisha vipi?”

“Mfukoni, kwenye pikipiki. Kasha la barafu lilijaa.”

“Si wewe unayewafundisha wenzako kwamba damu haitikiswi?”

Watu wakasema alhamdulillahi. Mama akalitazama sinia, akanitazama mimi.

“Shehe, dua usiifunge,” akasema. “Afya tumepata. Bado akili.”