Gari la Watu Wawili

Mume wangu alikuwa na msemo wake: petroli inakunywa, dizeli inalamba. Aliusema kilabuni, aliusema nje ya kanisa, aliusema hata msibani kwa watu kabla jeneza halijafika. Kiwanda alikokuwa akifanya kazi pale Moshi kilikuwa kimepata mwenye mali mpya na yeye amepunguzwa. Miaka ile magari yaliyotumika yalikuwa yanashuka bandarini Dar es Salaam kama mvua ya masika, na kila aliyepunguzwa kazi aliota kushika usukani. Wenzake walifungua maduka. Yeye akaja Mwika, kwetu mlimani, na kigari kidogo cha Kijapani cha dizeli, maandishi ya kwao bado yamebandikwa kwenye kioo cha nyuma, akakizunguka na kukipangusa vumbi kwa mkono wa shati, shati jeupe la Jumapili.

Nikamwambia, "Cha rahisi ni ghali, baba."

"Wewe subiri," akasema. "Hili halili. Linalamba tu."

Kulamba lililamba kweli, sitamsingizia marehemu. Tukijaza tangi tulikuwa tunapeleka maziwa na ndizi Moshi mpaka tunasahau kituo cha mafuta kinafananaje. Lakini alichookoa kwenye mafuta alikipeleka chote kwa fundi. Mara nozeli, mara pampu, na fundi wa pampu ni mmoja tu mjini, naye anajijua. Mara breki, kwa sababu bwana huyo, ili dizeli ilambe kidogo zaidi, alikuwa akitoka Mwika anaweka gia free na kuzima injini, tunateremka kimya hadi karibu na Himo, mguu wake kwenye breki, mimi nasali Baba Yetu kwa sauti ili asikie. Akawa anacheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikasirika kila asubuhi ya Mungu, na kila asubuhi nilipanda.

Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo ya njano iliyojikunja kama ngata ya kubebea mkungu kichwani. Ukitia ufunguo ngata inawaka. Ikizimika, ndipo unawasha injini. Hiyo ilikuwa ni ya kupasha moto injini ya dizeli, maana injini ya dizeli haipendi baridi, na huku kwetu asubuhi hata ng'ombe anatoa moshi puani. Mwaka wa kwanza ngata ilifanya kazi. Mwaka wa pili ikawa inawaka na kuzima bila kupasha kitu, na starta nayo ikachoka. Fundi akataja bei ya vifaa. Mume wangu akarudi nyumbani, akatazama mlima, akatazama gari, akasema Mungu ametupa mteremko bure.

Tangu siku hiyo likawa gari la watu wawili. Tuliliegesha juu ya njia yetu, pua ikitazama bondeni, jiwe mbele ya gurudumu. Handbreki ilikuwa pambo, waya wake ulishakatika. Ukiliacha kwenye gia, gia yenyewe inachomoka. Kwa hiyo aliyeko kwenye usukani anakanyaga breki, mwingine anachomoa jiwe, halafu breki inaachiwa, gari linaanza kuteremka, na huyu mwenye jiwe anakimbia nalo na kurukia ndani kabla halijashika kasi. Chini kidogo dereva anaachia klachi, gari linakohoa, linatoa moshi mweusi juu ya migomba ya jirani, linawaka. Jiwe linasafiri mapajani mwako hadi Moshi, kwa sababu ukifika lazima uliweke tena. Mara moja alijaribu kulifunga kamba alivute akiwa dirishani. Ilikuwa kama kumvuta ng'ombe aliyelala. Basi mwenye jiwe nikawa mimi. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili walioko bweni, nakimbia asubuhi na jiwe kifuani, kanga moja imefungwa kiunoni na nyingine inaniponyoka. Majirani walikuwa wanatoka kututazama. Waliniita mama jiwe.

Mama mkwe wangu ndiye hakucheka kamwe. Mume wangu alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, kwa hiyo tulikuwa na mama kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo la migomba, jiko lake na langu vinatazamana. Alikuwa ameuza mbuzi wake wawili kuongezea pampu. Gari alikuwa akiliita mgonjwa. "Mgonjwa ameamkaje leo?" anauliza akiwa jikoni, bila kutoka nje.

Halafu mume wangu akafa.

Sina namna nyingine ya kulisema. Siku hiyo alishuka mjini peke yake, jirani ndiye aliyemchomolea jiwe. Mimi nilikuwa bondeni nakata majani ya ng'ombe. Niliporudi nilikuta gari limeegeshwa mahali pake, pua bondeni, jiwe liko mbele ya gurudumu sawasawa. Nikasema moyoni, leo amewezaje kuliweka mwenyewe? Mpaka leo sijui alifanyaje. Nikaingia ndani kumuuliza. Alikuwa amelala kitandani na viatu, mkono mmoja kifuani, na mama yake ameketi pembeni anamwita jina la utotoni. Moyo, walisema hospitalini. Walisema pia kwamba hakukuwa na la kufanya, na mimi nikaitikia kama mtu aliyeambiwa leo hakuna maji.

Tulimzika kihambani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Watu wengi walikuja. Nilipika, nilipakua, niliitikia pole. Sikulia. Wanawake walinitazama wakasubiri, na walipochoka kusubiri wakalia wao. Sikuwa jasiri wala sikuwa na hasira. Nilikuwa sisikii kitu. Ungenichoma sindano ningekuuliza hiyo sindano ni ya nani.

Matanga yalipokwisha shemeji yangu mkubwa, mfanyabiashara wa kule Kwa Sadala, aliitisha kikao cha ukoo. Si mtu mbaya. Ndiye aliyelipia jeneza. Alizungumza taratibu, mikono magotini. Akasema watoto wana ada, akasema kijana wa Kwa Sadala anataka gari la kukatwakatwa vipuri, atatoa hela leo leo. Akasema la kuvunda halina ubani.

Nikasema, "Shemeji, gari ndilo linalopeleka maziwa mjini. Likienda, nitauza maziwa kwa nani? Kwa ng'ombe mwenyewe?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Leseni unayo, mke wetu, najua. Alikufundisha. Lakini gari lile linataka watu wawili," akasema, "na wewe umebaki mmoja."

Hata wazee wakatazama mbege yao, pombe ya ndizi, kwenye vibuyu. Nilijua amesema kweli, na kweli yenyewe ilinipita tu. Wakakubaliana hivi: kama hadi Krismasi, watu wa ukoo wanapopanda nyumbani, gari litakuwa barabarani linafanya kazi, libaki kwangu. Kama litakuwa limesimama pale pale, liuzwe.

Basi ungedhani kesho yake nilitafuta mtu wa jiwe. Walijitokeza. Jirani alikuja, mwalimu wa kwaya alikuja, kila mmoja akainama kwenye gurudumu: tulichomoe, mama? Na kila mmoja nilimfukuza. "Acha!" Nilimpigia kelele mwalimu wa kwaya mpaka akadondosha kitabu cha nyimbo. Wakasema kichwa cha mama jiwe kimeyumba. Labda. Lakini lile jiwe aliliweka yeye. Ndicho kitu cha mwisho alichokifanya kwa mikono yake kabla ya kuingia ndani kulala na viatu, na likitolewa pale, litakuwa limetolewa. Hayo sikumweleza mtu. Niliwaambia tu breki mbovu.

Nikawa nauza maziwa kwa mchuuzi aliyekuja nyumbani, kwa bei aliyotaka yeye. Gari likaota majani chini ya matairi. Kila asubuhi mama mkwe alitoka jikoni kwake, akapita kando ya gari akienda kaburini, akarudi. Hakuuliza tena mgonjwa ameamkaje. Hatukuwa tunazungumza zaidi ya "Shikamoo, mama," na "Marahaba." Niliona ananilaumu. Sikuwa na nguvu ya kujali hilo pia.

Siku tatu kabla ya Krismasi shemeji alifika. Magari ya Dar yalishaanza kupanda, barabara nzima honi na vumbi. Alikuja na yule kijana wa vipuri na lori la kukokota. Kijana akafungua boneti, akagonga hapa na pale, akasema injini nzima bado ina maisha, nozeli zitapata mteja. Alikuwa anagawanya gari kama nyama ya sikukuu, paja kwa huyu, mgongo kwa yule. Shemeji akanishika bega.

"Pole, mke wetu. Nilisubiri kama tulivyoahidiana."

"Najua," nikasema. Na kweli sikuwa na neno juu yake. Nikaingia ndani ya gari nitoe vitu vyetu: kanga yangu moja, kofia yake, kopo la maziwa. Nikaketi kwenye kiti chake. Kofia ilikuwa bado inanuka dizeli. Nikatia ufunguo, sijui kwa nini, ngata ikawaka njano hafifu, betri bado ilikuwa na pumzi. Mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe, mazoea tu.

Nikaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kikipita kando ya boneti iliyo wazi, halafu kikazama chini.

"Mama!" shemeji akasema. "Mama, unafanya nini hapo?"

Hakumjibu. Nilisikia anahema. Nikasikia jiwe linakwaruza. Nilitaka kupiga kelele, kama nilivyompigia mwalimu wa kwaya, lakini huyu nitamwambia nini? Yeye ndiye aliyemzaa marehemu. Akainuka na jiwe amelikumbatia, miguu mitupu, unga wa ndizi mikononi, akaja mlango wa pili, akaufungua, akaingia, akaliweka jiwe mapajani.

"Achia," akasema.

"Mama, mimi..."

"Wee mtoto, achia hiyo breki! Wanataka kumchinja mgonjwa wetu na bado anapumua?"

Nikaachia. Gari likang'oka kwenye majani, likateremka. Shemeji akaruka pembeni, kijana wa vipuri akakimbia nyuma yetu hatua chache boneti ikiwa bado wazi, mpaka ikajifunga yenyewe kwa kishindo kwenye tuta. Pale pale tulipozoea nikaachia klachi. Likakohoa. Likakohoa tena. Nikasema moyoni, basi. Halafu moshi mweusi ukafunika migomba ya jirani na injini ikanguruma, na mama mkwe wangu, Mlutheri wa benchi la mbele, akampigia mwanawe mkubwa kigelegele kupitia dirishani.

Tulishuka Marangu Mtoni, tukashuka Himo, injini inawaka muda wote, nikaiacha ilambe itakavyo. Hatukuwa na maziwa, hatukuwa na ndizi, hatukuwa na safari. Lakini gari lilikuwa barabarani kabla ya Krismasi, na shemeji ni mtu wa neno lake. Nililijua hilo, na baadaye ndivyo ilivyokuwa.

Moshi mjini hakuna mteremko wa maana. Tulikuwa tunaegesha kwenye njia moja nyuma ya soko inayoinama kidogo, imebana, watu na mikokoteni. Nikasimamisha hapo, nikazima injini kwa mazoea, mguu kwenye breki.

"Mama, teremka uweke jiwe," nikasema.

Hakuteremka. Alikuwa analitazama jiwe mapajani. Ndipo nikaona kwamba njia nzima alikuwa amelifunika na ncha ya kitenge chake, kama mtu anayemkinga mtoto na upepo, na kidole chake kimoja kinapita taratibu upande ule laini, upande wa kushikia.

"Hili aliliweka mwanangu," akasema. "Nilimwona. Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia njoo nikusaidie, akasema kaa tu mama, nimeshaweza."

Sikuwa nimejua kwamba alimwona. Kila asubuhi alipopita pale kando ya gari, sikuwa nimejua anatazama nini.

"Hili silitoi," akasema. "Nitakutafutia jingine."

Akafungua mlango, akateremka na miguu yake mitupu katikati ya soko la Krismasi, jiwe limebanwa kwapani, akaanza kuinama kando ya mtaro, anaokota mawe ya watu, anayapima kwa mkono, anayaacha. Hili dogo. Hili limepasuka. Nyuma yangu wenye magari wakaanza kupiga honi, mtu akanitukana, mwingine akauliza huyu mama wa kwenye usukani analia nini. Sikuweza kushuka kumfuata, sikuweza hata kujifuta uso vizuri. Nililia hivyo hivyo, kwa sauti, mikono kwenye usukani na mguu kwenye breki, kwa sababu ningeuinua gari lingeondoka.