Karani Aliyeshika Ramani Kichwa Chini

Jamani, leo karani wa ujenzi hapa Arua amekataa chumba cha mama yangu kwa sababu ya choo ambacho hakipo!

Nilikwenda kuomba ruhusa ya kuongeza chumba nyumbani, Ediofe. Mama amezeeka, na anapolala sasa paa linavuja. Hii ni mara ya tatu nakwenda.

Karani huyu alipewa kiti mwaka jana, 1973, kwa kuwa shemeji yake ni mkubwa jeshini. Basi akaikunjua ramani, akakunja uso.

"Mama, hii choo iko karibu sana na kisima. Haiwezekani."

Choo gani? Nikachungulia. Ameshika ramani kichwa chini!

Nikamgeuzia taratibu, mbele ya foleni nzima. "Bwana karani, pale iko kitanda ya mama yangu."

Mzee mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akakohoa.

Karani akatupa muhuri ndani ya droo. "Unanifundisha kazi? Rudi mwezi ujao!"

Rudi wewe, shule!

Nimetoka pale moja kwa moja hadi kwa fundi. Kesho asubuhi anachimba msingi.

Nyinyi mngemsubiri mtu kama huyu? Akija kutubomolea nitamwonyesha mlango ulipo, maana peke yake hataupata.