Siku ya Tatu ya Mbio, Bariyeri ya Kiringye

Tulimzika mama yangu huko Kiringye, mahali alipopataka mwenyewe, na kwaya ya wanawake iliimba mpaka sauti zikakauka. Wengi waliosimama kaburini walipokewa na mikono yake siku walipozaliwa. Mchungaji alisema mengi mazuri na ya kweli, lakini alipofika kwenye habari za baiskeli aliteleza, akasema mama alishinda mbio za wanawake za mwaka 1964. Hakushinda. Nimeona vema niandike ilivyokuwa. Aliyenisimulia ni mama mwenyewe, na baadaye mama Feza, rafiki yake, alinisimulia upande wake, na maneno yao hayakupishana.

Jina lake lilikuwa Murekatete. Alizaliwa milimani juu ya Uvira, kwa wafugaji, akashuka kwenye uwanda wa Ruzizi alipoolewa na baba yangu, Azarias. Kabla ya uhuru alifanya kazi katika dispanseri ya misioni, akisaidia wanawake kujifungua. Uhuru ulipokuja, wamisionari waliondoka na dispanseri ikafungwa, lakini matumbo hayakungoja. Watu waliendelea kumwita kutoka vijiji vyote vya uwanda, naye alikwenda kwa miguu. Mara nyingine alifika kwa wakati. Mara nyingine alipokewa na vilio. Kulikuwa na mama mmoja wa Katogota aliyeishiwa damu wakati mama yangu bado yuko njiani, jua likimpiga kichwani.

Kanisa la Kiringye lilikuwa na baiskeli moja, ya kiume, iliyoachwa na misioni. Ilikaa kwa mwinjilisti Sévère. Mama aliomba aitumie kwa kazi yake. Wazee wa kanisa walikataa, na aliyekataa kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Rwabuhihi, babu yangu, baba mkwe wa mama. Kwake yeye, mke wa mtu kuzungusha miguu hewani mbele za watu ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wasio wa kwetu. Kwa desturi yetu, mkamwana hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake wala akiwa mbali naye, wala hasimami naye uso kwa uso. Mimi ni mjukuu, naweza kuandika Rwabuhihi bila hofu. Mama alimwita “mzee wa nyumba” mpaka pumzi yake ya mwisho. Wamisionari waliwahi kufundisha kwamba kulitaja si dhambi. Wanawake waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakaendelea kutolitaja.

Basi mwaka ule wa 1964, siku chache baada ya Pasaka, komite ya michezo ya Uvira ilitangaza mbio za baiskeli za wanawake. Mbio zenyewe zilikuwa za siku tatu. Siku ya kwanza ni kutoka Uvira mpaka Sange, siku ya pili Sange mpaka Katogota, na siku ya tatu kurudi Uvira kwa mkupuo mmoja. Saa za kila siku zingejumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye angeshinda. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya ya kike, yenye taa na kengele.

Sévère alikwenda kwa wazee kumwombea mama. “Mwacheni apande hii ya kanisa mara moja tu,” alisema. “Akishinda atakuwa na yake, hatawasumbua tena.”

Rwabuhihi alifikiri sana. “Mara moja,” alisema mwishowe. “Asiposhinda, habari ya baiskeli isitajwe tena katika nyumba yangu.”

Kwa hiyo mama alijua anachokwenda kutafuta. Akishinda, atawafikia wanawake wa uwanda kabla ya damu kwisha. Asiposhinda, ni miguu yake mpaka uzee.

Siku ya kwanza alishangaza watu. Miguu iliyozoea kupanda milima ya kwao haikuogopa barabara tambarare. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa msichana wa Kilibula, mtaa wa Uvira, Feza, binti ya Nasoro mfanyabiashara, Mwislamu, aliyejifunza kupanda baiskeli za dukani kwa baba yake. Alivaa suruali ya kaka yake chini ya kitenge, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko pedali.

“Mama ya maziwa!” alimwita mama walipopita Kiliba. “Weye unafikiri hiyo ni ng'ombe? Iko na breki, hauivute mukia!”

“Na weye, binti ya duka,” mama alimjibu bila kugeuka, “hapa hatupimi sukari. Kanyaga!”

Siku ya pili mama alitangulia tena. Feza alikuwa nyuma yake kwa dakika chache tu, na wengine wote walikuwa mbali, pamoja na Bernardine, mke wa fundi cherehani wa Uvira, aliyekuwa wa tatu. Lakini jioni ile Katogota, watu waliotoka kuangalia mbio hawakupiga makofi sana. Walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini. Walisema kuna vijana wanaojiunga na waasi, wanakwenda milimani kunywa dawa ya vita, na kwamba barabara si ya serikali tena kila siku. Wengine walimwambia Étienne, monitere, yaani mwalimu wa shule, aliyesimamia mbio, awarudishe wanawake kwa gari. Étienne alijibu kwamba kesho saa sita watakuwa Uvira wakinywa limonadi.

Asubuhi kamioneti, gari dogo la mizigo la komite, ilikataa kuwaka. Ndani yake mlikuwa na vitambulisho vya wanawake wote, kwani Étienne alivikusanya siku ya kwanza ili visipotee njiani. “Nendeni,” alisema, mikono yake imejaa mafuta. “Nitawakuta mbele.”

Wakaondoka. Mama na Feza waliwaacha wenzao mapema, wakapita katikati ya Kiringye bila kusimama. Mama aliinamisha kichwa alipopita karibu na nyumba ya mzee Rwabuhihi. Mbele kidogo, palipo na daraja dogo, waliona bariyeri, mti umelazwa barabarani kuziba njia, na vijana wamesimama na mikuki. Mmoja alikuwa na bunduki. Hawakuwa watu wa pale.

“Shukeni!”

Walishuka. Feza alijaribu kucheka. “Kaka zangu, tuko kwenye mbio. Mutatupa dakika zetu?”

“Nyamaza. Vitambulisho.”

Walieleza habari ya kamioneti. Mwenye bunduki, ambaye wenzake walimwita Mukubwa ingawa ndevu zake zilikuwa chache, hakupenda maelezo hayo. Alisema wanamtafuta mke wa askari mmoja anayepeleka habari kambini kwa kinga. Kinga ndiyo baiskeli kwa lugha ya kwetu.

“Weye uko binti ya nani?” alimuuliza Feza.

“Ya Nasoro, wa Kilibula. Duka ya vitambaa na baiskeli. Nani hajue?”

Kijana mmoja aliitikia kwa kichwa. Alimjua Nasoro. Mukubwa akamgeukia mama.

“Na weye?”

“Mke wa Azarias, wa hapa Kiringye.”

“Azarias wako wengi. Hata huyo askari wetu ni Azarias. Azarias ya nani? Baba yake ni nani?”

Mama alielekeza kidole nyuma, upande wa kijiji.

“Minye nauliza. Baba mukwe wako ni nani?”

“Ni mzee wa kanisa,” mama alisema. “Ana ng'ombe. Nyumba yake ni ile yenye uzio wa miti ya miyenzi, mmeipita.”

“Sikuulize uzio. Jina!”

Feza alimwangalia mama, akaona midomo yake inafunguka na kufungika. Wakati huo hakuelewa. Alifikiri ni hofu. “Dada, sema tu,” alimnong'oneza. “Sema jina twende. Bernardine anakuja.”

“Siwezi kulitaja.”

“Ulisahau?”

“Ni baba mkwe, Feza.”

Ndipo Feza alipoelewa, kwani alikwishasikia desturi hiyo kwa wanawake wa milimani wanaouza siagi mjini. Alijaribu kuwaeleza wale vijana. Mukubwa alicheka bila furaha. “Mutu mwenye anaficha jina, anaficha na kitu ingine. Weye wa Nasoro, enda. Huyu anabaki. Mukuu wetu akirudi, atamuuliza kwa njia yake.”

Mama alikalishwa juu ya jiwe kando ya barabara, baiskeli ya kanisa ikilala miguuni pake. Feza alikuwa ameshika yake. Barabara ya Uvira ilikuwa wazi mbele yake, na ushindi pia.

“Enda,” mama alimwambia. “Chukua hiyo baiskeli ya zawadi. Afadhali weye kuliko mwingine.”

“Nimushinde nani? Weye uko umekalia jiwe!” Feza alikasirika kweli. “Jina yenyewe hata minye siijue, ningewaambia. Nyumba ya miyenzi, si ndiyo?” Kabla mama hajajibu aligeuza baiskeli, akarudi alikotoka, kuelekea Kiringye.

Mama aliniambia kwamba kukaa pale kulikuwa kurefu kuliko mbio zote. Bernardine alifika, akaulizwa, akajibu, akapita. Alimwangalia mama kwa huruma lakini hakusimama, wala mama hakumlaumu. Wengine wakafika, wakapita. Kila gurudumu lililopita lilikwenda na sehemu ya ushindi wake.

“Ona,” Mukubwa alimwambia, akichuchumaa mbele yake. “Neno moja tu. Hakuna wa kwenu hapa. Nani atakusikia?”

Hilo ndilo lilikuwa jaribu lenyewe. Mama alisema alimwona yule mama wa Katogota mbele ya macho yake, na alisikia jina limefika kwenye ulimi. Akaomba. Hakuomba aokolewe, aliomba aonyeshwe. Na alichoonyeshwa ni nyumba za wanawake wanaojifungua, milango inayofunguliwa usiku na mchana na mama wakwe wakali wanaosema, “Ingia wewe, tunakujua.” Wanamwingiza kwa kuwa ni mwanamke mwenye heshima, na siri za miili ya wake zao hazitatoka kinywani mwake. Kinywa kilichotaja jina la baba mkwe barabarani mbele ya vijana wa mikuki, nani atakifungulia mlango? Angekuwa na baiskeli mpya na asiwe na mahali pa kwenda nayo.

“Siwezi, ndugu yangu,” alisema. “Ngojea.”

Mukubwa alisimama, akavuta kitu kwenye bunduki yake, kikalia. Mama alifumba macho.

Aliyafumbua aliposikia vijana wanacheka. Barabarani Feza alikuwa anakuja, kitenge kimepanda magotini, jasho linamtiririka, na nyuma yake, juu ya chuma cha kubebea mizigo, mzee Rwabuhihi amekaa upande upande kama gunia la mihogo, fimbo ameikumbatia na kofia ameing'ata kwa meno isiruke. Yeye aliyesema baiskeli ni aibu.

Mama aligeuza uso wake haraka, akajifunika kitenge kichwani, akaangalia mto.

Mzee alishuka kwa taabu, akavaa kofia yake, akajinyoosha. Hakumwangalia mama. Alimwangalia mwenye bunduki.

“Ni minye Rwabuhihi. Azarias ni mtoto yangu, analima, hajawa askari hata siku moja. Huyu ni mke wake.”

“Kwa nini hakusema?”

“Weye uko na mama?”

“Niko naye.”

“Mulize baba ya baba yako aliitwa nani. Kama atakujibu, rudi unipige minye.”

Kijana aliangalia chini. Mmoja wa wenzake alisema kwa sauti ndogo, “Hata mama yangu hasemaki.” Mukubwa alipiga teke jiwe moja likaanguka mtoni, kisha akaashiria wauvute mti pembeni.

“Pitisheni. Upesi, mukuu asiwakute hapa.”

Mzee alirudi kwa miguu, bila kuaga. Mama na Feza walipanda baiskeli zao. Walikanyaga mpaka Sange. Hapo Feza alisema, “Babu yenu iko nzito. Maziwa yote hayo!” na mama alicheka, kisha akalia, akiwa bado anakanyaga.

Walipofika Uvira sherehe ilikuwa imekwisha. Kamioneti iliwaka baadaye, ikapita daraja lile baada ya vijana kuondoka, ikawapita mama na Feza njiani, na Étienne alifika kwa wakati wa kumkabidhi Bernardine zawadi. Majina ya mama na Feza yaliandikwa mwisho kabisa.

Jumapili ile mama alirudisha baiskeli kwa Sévère, ameifuta vumbi vizuri. Nyumbani hakuna aliyetaja habari yake, kama mzee alivyokuwa ameagiza. Mama alianza kushona upya kamba za mfuko wake wa kazi, zile za kubebea mgongoni.

Siku chache baadaye mtu alikuja mbio kutoka Katogota. Mwanamke ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Mama alichukua mfuko, akatoka. Kwenye uzio wa miyenzi alisimama. Baiskeli ya kanisa ilikuwa imeegemezwa pale, magurudumu yamejazwa upepo. Mzee Rwabuhihi alikuwa ameisukuma mwenyewe kutoka kwa Sévère. Alipomwona mama anatoka aligeuka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama huko akiwa amempa mgongo, ili mkamwana wake apite bila kukutana naye uso kwa uso.

Mama aliichukua, akapanda.