Fundi Anayebandua Saruji ya Baba Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wenzake wakiwa bado wanafunga kamba za viatu, Mama Chokaa analaza shavu lake kwenye ukuta wa stesheni ya zamani na kufumba macho. Anakaa hivyo kitambo. Kisha anasogea hatua mbili na kulilaza tena. Mpita njia asiyemjua angempa pole ya msiba.

"Shavu halidanganyi," anasema akijifuta vumbi. "Viganja vyangu vimeshakuwa magome, havisikii baridi. Lakini shavu linaniambia ukuta umelalaje."

Leo umelala vizuri, anasema. Anachomeka mwiko wake wa uashi kiunoni, anashika ndoo na kupanda kiunzi kwa wepesi ambao mwandishi huyu, aliyemfuata akikumbatia kila bomba kwa mikono miwili, hakuweza hata kuuigiza.

Mama Chokaa ana umri wa miaka arobaini na saba, na ni mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na wanne wanaoikarabati stesheni hii. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kejeli miaka saba iliyopita, alipokataa katakata kupaka saruji kwenye jengo la kale na akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Likamganda kuliko alilopewa na wazazi.

Chumba cha kungojea abiria kina urefu wa hatua arobaini na mbili. Dari yake iko juu sana. Njiwa akipita utasikia mabawa kabla hujamwona mwenyewe. Upande wa kusini kuna madirisha matano ya tiketi, yenye mbao ngumu zilizolainishwa na viwiko vya watu. Mbele ya kila dirisha sakafu ya mawe imebonyea kidogo, pale walipokuwa wakisimama wenye haraka na wenye machozi. Niliingia humo na maswali kumi na mawili daftarini, nikasimama katikati, nikainua uso, nikayasahau yote.

Treni ya mwisho iliondoka hapa miaka ishirini na miwili iliyopita, reli mpya ilipopitishwa nje ya mji. Sasa halmashauri ya jiji imeamua jengo liwe kliniki ya mama na mtoto.

"Kwa hiyo chumba cha kungojea kitabaki chumba cha kungojea," anasema Mama Chokaa akicheka. "Tofauti ni kwamba abiria wa sasa watakuja wamebebwa mgongoni."

Ila kulikuwa na jambo moja lililotishia kuharibu yote, nalo ni ukuta huo huo wa madirisha ya tiketi. Ulikuwa unatoka jasho. Kliniki haiwezi kuwekwa kwenye unyevu, vifua vya watoto havihimili. Mhandisi wa mradi alichora alama kumi za chaki ukutani, akapima kila moja kwa kifaa chake chenye sindano mbili, na wastani ukasoma thelathini na moja. Akatoa muda wa kiangazi kimoja: kila alama ishuke chini ya kumi. Ikibaki hata moja, ukuta utaangushwa pamoja na madirisha yake, na mahali pake patajengwa matofali mapya.

Dawa ilikuwa moja tu, kubandua saruji yote iliyoufunika. Na hapo ndipo hadithi hii inapoingia nyumbani kwa Mama Chokaa.

Miaka arobaini na moja iliyopita, wakuu wa reli waliona kuta za chokaa zinamenyeka wakataka zipakwe saruji zionekane za kisasa. Kazi akapewa fundi aliyesifika mji mzima. Wenzake walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye risasi ambayo waashi hupimia unyoofu, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda. Timazi ni baba mzazi wa Mama Chokaa. Binti alikuwa na miaka sita, na ndiye aliyempelekea baba chakula cha mchana humu ndani, akipita kati ya masanduku ya abiria.

"Nilidhani ni nyumba ya baba," anasema. "Niliwashangaa wale watu wote wanaokuja na mizigo kwetu bila kubisha hodi."

Ukuta wa chokaa, anaeleza, hunyonya unyevu ardhini na kuutoa nje kidogo kidogo kila siku. Saruji huuziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, yakawa yanakula ukuta kwa ndani miaka na miaka, huku nje mtu anasifia jinsi unavyong'aa.

Mafundi wengi wa siku zile walichanganya ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga, wengine hata kwa nane, na mifuko iliyobaki ikatoka kwa mlango wa nyuma. Timazi alichanganya moja kwa tatu. Hakuiba hata kijiko.

"Plasta ya mwizi hubanduka yenyewe baada ya miaka mitano," anasema binti yake, na sasa hacheki. "Laiti baba angekuwa mwizi, ukuta huu ungeshapona zamani. Uaminifu wake ndio ulioukaba koo."

Kwa miezi minne yeye na wenzake wawili walibandua mita za mraba mia mbili na kumi, kwa tindo na nyundo ndogo, wakipiga kwa kipimo ili mawe yasiumie. Tindo kumi na tatu zilivunjika. Kubomoa hulipwa theluthi mbili ya kujenga, ingawa hakuna fundi atakayekuambia kubomoa bila kujeruhi ni kazi rahisi. Viwiko vilimvimba, na usingizi ukawa wa kubahatisha.

Nyumbani hakusema kitu. Mzee Timazi, sasa miaka sabini na minane, anaishi na bintiye katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Macho yamefifia, lakini ulimi uko salama. Binti alimwambia kwamba anapaka rangi shule.

"Ningeanzaje?" ananiuliza. "Kila mgeni akija, kabla hajakaa, anaulizwa: 'Umeshafika stesheni? Ule ukuta ni mkono wangu.' Hiyo ndiyo pensheni yake. Hana nyingine."

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Jioni moja kijiko kilimponyoka Mama Chokaa mkononi mara mbili.

"Shule gani hiyo inayokuvunja mikono, mama?" mzee akauliza.

"Kuna saruji ya kubandua kwanza, baba. Ngumu."

"Ngumu namna gani?"

"Tindo inaruka."

Mzee akatafuna taratibu. "Ukipiga, inalia bubu au inalia kama kengele?"

"Kama kengele."

Akaweka kijiko chini. "Hiyo ni moja kwa tatu. Na katika mji huu mtu aliyekuwa anachanganya moja kwa tatu namjua mmoja tu."

Siku tatu hakula meza moja na bintiye. "Niliona nimemvua baba nguo hadharani," anasema Mama Chokaa. "Nikawa nalia jikoni, nasingizia kitunguu. Siku ambayo hatukupika kitunguu, nikakosa pa kujificha."

Katikati ya siku hizo tatu ndipo stesheni ilipomwonyesha ajabu yake.

Juu ya madirisha ya tiketi saruji haikuwa imeshika sana, kwa sababu chini yake kulikuwa na tabaka nyingi za chokaa nyeupe ya kupaka. Alichomeka tindo, akasukuma kidogo, na bamba zima likaachia kama mfuniko wa sufuria. Nyuma yake kulikuwa na chokaa ya kwanza kabisa, ya waashi waliojenga stesheni. Na kwenye chokaa hiyo, mahali kila kipande cha kazi ya siku kilipokutana na cha siku iliyofuata, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Amenipandisha kuziona. Ziko kumi na tisa. Mwanga wa asubuhi ukipita ubavuni unaona hadi mistari ya ngozi. Watu hao hawakuacha jina wala picha, hakuna kitabu cha reli kinachowataja. Waliishia jioni, wakabonyeza kidole kwenye chokaa mbichi kuonyesha wamefika hapa, wakaenda nyumbani kula. Niliweka kidole changu kwenye kimojawapo kikaingia sawasawa, nikakiondoa haraka kama mtu aliyeingia chumbani kwa mwenye nyumba.

Saba kati ya alama hizo ni za mtu mmoja, aliyekatika ncha ya kidole. Mafundi wamembatiza Kigutu. Kila asubuhi wanapopanda, yupo atakayesema, "Shikamoo, Kigutu," na mwingine hujibu kwa sauti nzito, "Marahaba, chapeni kazi."

Mama Chokaa hatanii anapofika hapo. "Siku ya kwanza niliweka tindo chini," anasema. "Nilikaa juu ya kiunzi, nikashindwa kushuka mpaka saa sita."

Kiangazi kikaisha. Mhandisi akaja na kifaa chake. Alama ya kwanza, nane. Ya pili, saba. Zikaenda hivyo hadi ya tisa, mafundi wakaanza kupigana mabega. Ya kumi, chini ya dirisha la tatu, ikasoma ishirini na nne.

Akapima tena, ishirini na nne. "Mama, samahani," mhandisi akasema. "Nimeandika kila moja, na kila moja maana yake ni kila moja. Nawapa wiki mbili. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Jioni ile Mama Chokaa alifika nyumbani akavua viatu. Baba yake ndiye aliyeanza.

"Ukuta unasemaje?"

"Umekauka wote, baba. Isipokuwa chini ya dirisha la tatu. Tumebandua kila kitu pale, hakuna saruji tena, na bado maji. Wataubomoa."

Mzee akainama, akaanza kupapasa chini ya kitanda. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

Kesho yake alifika stesheni ameshikwa mkono. Mafundi wote waliteremka kwenye kiunzi kumwamkia. Hakuomba kuonyeshwa njia. Alihesabu madirisha kwa kiganja: moja, mawili, matatu. Akapiga magoti na kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Hapa palikuwa na tundu la bomba," akasema. "Karani wa tiketi alikuwa na beseni la kunawa mikono. Bomba likang'olewa, nikaambiwa niliache shimo. Mimi, kuacha shimo? Nikajaza saruji tupu, bila mchanga, urefu wa mkono mzima kuingia ndani. Mmebandua ngozi tu. Mfupa bado umo."

Walichimba siku mbili. Kikatoka kizibo kizima cha saruji kama gogo, chepechepe upande wa ndani. Mhandisi alikiangalia, akamwangalia mzee. "Penye wazee haliharibiki neno," akasema.

"Hili liliharibiwa na mzee huyo huyo," Timazi akajibu. "Usilolijua ni usiku wa giza."

Kabla hajaondoka aliomba apandishwe juu. Watu wanne walimpandisha, mmoja kila upande. Bintiye akakishika kidole gumba chake na kukipitisha juu ya alama za Kigutu, moja baada ya nyingine.

"Niliwaona," mzee akasema. "Siku ile nilikwangua chokaa kidogo, nikawaona. Nikaona aibu kuwafunika. Nikasema moyoni, kama ni kuwafunika, basi niwafunike vizuri, wasije wakasema nilifanya ovyo." Mafundi kumi na watatu wakageuka kutazama njiwa.

Wiki mbili zilipotimia, alama ya kumi ilisoma tisa. Ukuta umebaki.

Sasa unapakwa chokaa upya, iliyolowekwa shimoni miezi mitatu, na kila kipande hufunikwa magunia mabichi ili kisikauke kwa pupa. Alama za vidole zitaachwa wazi juu ya madirisha. Kliniki itafunguliwa mvua zikikatika, na Mama Chokaa ameshaahidiwa kazi inayofuata, karakana ya injini iliyo jirani. Tayari amechimba shimo la chokaa kwa ajili yake.

Lakini tumaini lake la karibu ni dogo kuliko hilo. Kimebaki kipande kimoja, chini ya dirisha la tatu, upana wa mlango. Amewakataza mafundi wote kukigusa. Anataka kipakwe na baba yake, na jioni mzee abonyeze kidole chake pale kazi ilipoishia.

Nilimkuta Timazi nyumbani, amekaa mlangoni, mwiko wake wa zamani mapajani, anaung'arisha kwa kitambaa. Nilimuuliza kama yuko tayari. Alimgeukia bintiye.

"Kesho nitakuja," alisema. "Ila unichanganyie hafifu, mama. Hafifu kabisa."