Kioo cha Mama Yake Memsabu

Nilikuwa mtu mzima, mume wa mtu na baba wa watoto wawili, lakini katika nyumba ile ya Msasani niliitwa "boi." Nilitoka kwangu Kinondoni kwa miguu alfajiri, nikafika kabla memsabu hajaamka. Kazi yangu ilikuwa sakafu, fanicha na vioo. Vioo ndivyo vilivyonitoa kazini.

Nyumba ilielekea bahari. Upepo ulileta chumvi usiku kucha, na asubuhi madirisha yote yalikuwa na utando mweupe. Memsabu, ambaye hakuwa na miezi mitatu tangu atoke kwao Ulaya, akaamini kwamba siyafuti. "Sabuni!" akanifokea. "Tia sabuni mingi!" Nikatia. Jua likaikausha kabla sijaifuta, ikaacha michirizi, akanifokea tena.

Mie kazi ya vioo nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi, nilipokuwa nafuta makabati ya duka lake la saa. Kwanza maji matupu, chumvi na vumbi vitoke, maana ukisugua kikavu utakwaruza kioo. Kisha maji yenye siki kidogo, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mwisho gazeti kuukuu lililofikichwa. Na ufute upande wenye kivuli; jua likihama, nawe uhame. Basi, hakuna uganga hapo.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Memsabu," nikamwambia, "gusa dirisha, kisha onja kidole chako."

Akanitazama kama niliyemtukana. Lakini akagusa, akaonja, akakunja uso. "Chumvi," akasema.

Toka hapo akaniachia madirisha nikayafuta nijuavyo, yakawa kama hayapo. Hakunisifu, nami sifa sikuzitaka.

Kilichobaki ni kioo kikubwa cha kujitazamia pale sebuleni, alichorithi kwa mama yake. Asubuhi moja akaona nzi wamekichafua, akaniamuru nikimwagie maji ya sabuni.

"Memsabu, hiki si dirisha," nikamwambia. "Maji yakipenya nyuma, ile dawa iliyopakwa huko, inayokifanya kionyeshe sura, itaoza. Niache nikipanguse kwa kitambaa chenye unyevu tu."

"Mimi najua hii kioo tangu toto. Wewe hapana fundisha mimi!"

Akainyakua ndoo mwenyewe, akamwaga kuanzia juu. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliona yote na kusikia yote.

Wiki chache baadaye madoa meusi yakaanza kupanda kutoka pembe za chini. Memsabu akaniita mbele ya mumewe na wageni wawili waliokuja kunywa chai. Akasema kwa Kiswahili chake kibovu, makusudi ili nami nisikie, "Angalia! Boi naharibu kioo ya mama yangu!"

Masikio yaliniwaka moto. "Bwana, maji aliyamwaga memsabu kwa mkono wake. Mie nilimkataza. Muulize mpishi."

Bwana akamgeukia mpishi. Mpishi, mtu niliyekula naye sahani moja tangu niingie nyumba ile, akatazama vidole vya miguu yake. "Mimi nilikuwa jikoni, bwana. Sijui kitu."

Hata leo sijui ni lipi liliniuma zaidi. Nilivua kanzu nyeupe ya kazi palepale, nikabaki na fulana na kaptura mbele ya wageni, nikaikunja na kuiweka juu ya kiti ambacho sikupata kuruhusiwa kukikalia. Bwana akasema nimefukuzwa.

"Umechelewa, bwana," nikamjibu. "Nimeshaondoka."

Jumapili mpishi akaja Kinondoni. Mke wangu akampa kigoda.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nina watoto."

"Na mie nina mawe?"

Akainama. Mke wangu akamletea kahawa, kwani mgeni ni mgeni, nami sikumzuia. Akainywa mpaka ikaisha. Akaomba tena, safari hii kwa jina la marehemu mama yangu, aliyemjua. Nikamsindikiza hadi njiani kama ada inavyotaka, nikampa mkono. Neno alilolifuata sikumpa, na miaka yote hii imepita, sijaona sababu ya kumpelekea.